Matokeo bado: shilingi ya Kiingereza iende wapi?

Mtihani wa KCSE uliisha Novemba. Matokeo hayajatoka. Wewe mtahiniwa wa kibinafsi wa Kisii au Nyamira, uliyesoma jioni baada ya kazi ya shamba, duka au bodaboda, una wasiwasi na somo moja kuliko mengine: Kiingereza. Na watu wanaujua wasiwasi huo. Huyu anakuuzia tuisheni ya likizo, yule kitabu kipya cha sarufi, mwingine kozi ya chuo ya miezi mitatu. Wote wanakwambia uanze leo.

Shauri langu ni hili: mpaka matokeo yatoke, usitumie zaidi ya shilingi 1,000 kwa sarufi ya Kiingereza. Na katika hiyo elfu, sehemu kubwa umpe mtu wa kukusahihishia kazi uliyoandika. Kusomeshwa tena sheria za sarufi unaweza kukupata bure au karibu na bure. Kusahihishwa ndiko kwenye uhaba, na ndiko kunakobadilisha maandishi ya mtu mzima.

Muda wenyewe ni mfupi. Matokeo ya mtihani wa 2023 yalitangazwa tarehe 8 Januari 2024, na ya 2024 yakatangazwa tarehe 9 Januari 2025. Hesabu kutoka mwisho wa Novemba: ni wiki sita hivi, na Krismasi imo ndani. Januari hiyohiyo watoto wako wanataka karo na sare. Anayekulipisha kozi ya miezi mitatu mwezi wa Desemba anakuuzia miezi miwili ambayo huenda hutaihitaji.

Kwanza jua unachonunua. Kiingereza cha KCSE kina karatasi tatu zenye alama 200 kwa jumla. Karatasi ya kwanza ina alama 60: uandishi wa kiutendaji 20, kujaza mapengo 10, stadi za mazungumzo 30. Ya pili ina 80: ufahamu 20, dondoo la kitabu teule 25, ushairi au fasihi simulizi 20, na sarufi 15. Ya tatu ina 60, zote za insha: moja ya kubuni na mbili za vitabu teule.

Yaani sehemu inayoitwa sarufi ni alama 15 tu kati ya 200. Hata ukiongeza zile 10 za kujaza mapengo, ni 25. Lakini alama 80 ziko katika maandishi marefu, pale unapoandika barua, ripoti na insha, na huko ndiko sarufi mbovu inakokuumiza bila kutajwa. Kwa hiyo kitabu kinene cha mazoezi ya kuchagua jibu A au B, hata kikiwa kizuri namna gani, kinakufanyisha mazoezi ya alama chache. Insha iliyosahihishwa inagusa nyingi.

Jambo la pili la kujua kabla ya kufungua mfuko: tangu mtihani wa 2023, gredi ya jumla huhesabiwa kwa Hisabati, lugha moja uliyofanya vizuri zaidi kati ya Kiingereza, Kiswahili na Lugha ya Ishara ya Kenya, kisha masomo mengine matano bora. Kama Kiswahili chako ni imara, Kiingereza dhaifu hakikuangushi peke yake. Na kozi nyingi za vyuo, zikiwemo za afya, zinaomba alama fulani ya Kiingereza au Kiswahili. Soma masharti ya kozi unayoitaka kwenye tovuti ya KUCCPS, chombo cha kupanga wanafunzi vyuoni, kabla hujalipia Kiingereza hata senti. Wapo watakaogundua kwamba kinachowazuia ni Biolojia au Hisabati, na pesa ya tuisheni ihamie huko.

Sasa tuje kwenye bidhaa zenyewe. Bei nitakazotaja ni za kukadiria, na nyingine ni mifano ya kukuonyesha namna ya kupiga hesabu. Weka za kwako mahali pake.

Vitabu vilivyotumika ndivyo vyenye faida kubwa msimu huu, na kuna sababu. Kidato cha kwanza cha mwisho cha mfumo wa 8-4-4 kiliingia shuleni mwaka 2024, na darasa hilo litafanya KCSE mwaka 2027. Mwaka 2025 hakukuwa na kidato cha kwanza kabisa. Nyumba nyingi za Gusii sasa zina vitabu vya Kiingereza vya kidato cha kwanza na cha pili visivyo na mdogo wa kuvirithi, na humo ndimo misingi ya sarufi ilimo: nyakati za vitenzi, vihusishi, kauli ya kutendwa, umoja na wingi. Mwenye kitabu hana mnunuzi mwingine ila mtu kama wewe. Akikutajia 300, mpe 100 ukae kimya. Kabla hujafika kwa muuzaji wa barabarani mjini Kisii au Keroka, uliza kanisani na kwa majirani. Wengine watakupa bure.

Kikague kitabu kabla ya kulipa. Kifungue katikati ukikunje kidogo uone kama gundi ya mgongo inashika. Pitia nambari za kurasa kwenye sura za sarufi, maana hizo ndizo huchanwa. Tazama kama mazoezi yamejazwa kwa kalamu ya wino. Ya penseli yanafutika, ya wino yamekwisha. Na tazama jalada na kurasa za mwanzo: tangu 2018 Serikali imekuwa ikigawa vitabu vya kiada bure katika shule za umma, na vimeandikwa kwamba ni mali ya Serikali na haviuzwi. Ukiona maandishi hayo, rudisha kitabu mezani. Ni cha shule fulani, na kuna mwanafunzi anayedaiwa.

Vitabu teule vinahitaji macho zaidi. Blossoms of the Savannah cha H.R. Ole Kulet na A Doll's House cha Ibsen vilitahiniwa mara ya mwisho 2022, na bado utavikuta kwa bei ya kutupa. Vizuri kwa kusoma na kuongeza msamiati, ila usivinunue ukidhani ndivyo vitakavyoulizwa. Tangu 2023 riwaya ya lazima imekuwa Fathers of Nations ya Paul Vitta. Kama hujui utarudia mtihani au la, subiri hata hiyo.

Kitabu kipya cha sarufi cha shilingi 700 au 900 kinadumu, sibishi. Karatasi yake ni nzuri, na majibu yako nyuma. Lakini kama utakipata kwa shilingi 200 kikiwa kimetumika, kipya hakikuongezei alama hata moja. Kibaya kuliko vyote ni kile kipya kinachouzwa kwa bei ya mtumba: chapa imefifia, picha zimevuja wino, kurasa zinachomoka wiki ya pili. Hicho ni cha wizi, kimenakiliwa, na mara nyingine majibu yamerukwa. Kamusi nazo huathirika.

Kwa kamusi, pima kwa kufungua neno moja la kawaida. Kamusi ya wanaojifunza lugha inakupa sentensi ya mfano na inakwambia kama jina linahesabika au halihesabiki. Ile ndogo ya mfukoni inakupa maana basi, na kwa mtu anayehangaika na sarufi haisaidii. Iliyotumika lakini halisi inatosha. Kama una simu yenye nafasi, kamusi ya bure inayofanya kazi bila intaneti ni nzuri vilevile, mradi hutaipeleka simu hiyo kwenye mtihani.

Karatasi za mitihani iliyopita ni rahisi kuliko watu wanavyodhani. Kopi ya ukurasa kwa kawaida ni shilingi 5. Karatasi ya pili ikiwa na kurasa 12, ni shilingi 60. Mkiwa wanne mkaazimana, na mkaandika majibu kwenye daftari badala ya kwenye karatasi, ni 15 kila mtu. Gharama iliyojificha iko kwenye majibu: tovuti nyingi hukupa maswali bure, kisha zikakudai malipo kwa simu ndipo upate mwongozo wa kusahihisha. Ukilipia mmoja baada ya mwingine, utafika mia kadhaa bila kujua. Mwalimu yeyote wa Kiingereza wa sekondari anao kwenye kabati. Mwombe kwa heshima, upige kopi, urudishe siku hiyohiyo.

Sasa tuisheni, ambako pesa nyingi hupotelea.

Chukua mfano wa darasa la jioni la shilingi 1,500 kwa mwezi, siku tatu kwa wiki. Linaonekana nafuu. Kama nauli yako kutoka Kebirigo, Nyansiongo au Ogembo ni shilingi 100 kwenda na 100 kurudi, vipindi 12 ni shilingi 2,400. Nauli imeshinda ada. Jumla ni 3,900, kabla ya kijitabu cha mazoezi ambacho hukutajiwa siku ya kwanza, na kabla ya chai. Mvua ya jioni ya nyanda zetu ikikukuta stendi, bodaboda wa usiku hatakubeba kwa bei ya mchana. Kwa akina mama, usiku huo una gharama nyingine zisizoandikwa kwenye risiti.

Darasa la watu 40 lina kasoro nyingine kubwa: hakuna anayesoma kazi yako. Unakaa, unanakili ubaoni, unarudi nyumbani na makosa yaleyale. Uliza swali moja kabla ya kulipa: kwa mwezi, utanisahihishia insha ngapi? Akianza kueleza mambo mengine, umeshajibiwa.

Mwalimu wa kukufuata nyumbani ni bora lakini ghali. Akitaka shilingi 400 kwa saa, mkiwa wanne mnagawana 100 kila mmoja, na hakuna nauli isipokuwa yake. Kubalianeni mapema nani anaitoa hiyo nauli. Kubalianeni pia kuhusu pesa za simu, kwa sababu neno "tuma na ya kutoa" likirudiwa kila wiki linageuka kuwa ada. Mmoja akusanye, mlipe taslimu, au mtume mara moja kwa mwezi.

Lakini chaguo ninalolipigia debe ni jingine, na halitangazwi popote. Tafuta mwalimu wa Kiingereza aliyestaafu kijijini kwenu, au mwalimu wa BOM, aliyeajiriwa na bodi ya shule, ambaye Desemba hana kipindi. Mwambie: Mwalimu, sitaki darasa. Nitakuletea insha moja kila baada ya siku tatu, nikulipe shilingi 50 au 100 kwa kila insha utakayonisahihishia. Insha nane kwa 100 ni 800. Hakuna nauli kama anakaa ng'ambo ya kijito. Kazi anaifanya kwa wakati wake, nawe unaandika usiku watoto wakilala.

Kubalianeni namna ya kusahihisha, maana hapa ndipo thamani ilipo. Alama ya vema mwishoni na "jitahidi" si usahihishaji, hata kama ni ya kalamu nyekundu. Unataka kila kosa lizungushiwe duara, na ubavuni aandike aina yake: wakati wa kitenzi, kiambishi, herufi kubwa, umoja na wingi. Usimwombe akuandikie jibu sahihi. Wewe ndiye utakayeliandika upya, umrudishie pamoja na insha inayofuata. Baada ya insha tatu utaona makosa yako ni manne au matano tu yanayojirudia.

Kwa wasemaji wa Ekegusii na Kiswahili, mawili kati ya hayo karibu nayatabiri. La kwanza ni he na she: lugha zetu hazitenganishi mwanamume na mwanamke kwenye kiwakilishi, basi mama wa kwenye insha anaanza akiwa she na kufikia aya ya tatu amekuwa he. La pili ni a, an na the, ambazo hatuna, kwa hiyo tunaziacha au tunazitawanya ovyo. Hayo hayatibiwi na kitabu cha 900. Yanatibiwa na duara jekundu, tena na tena, kwenye sentensi uliyoandika mwenyewe.

Simu inasaidia ikitumiwa kwa mpango. Taasisi ya Ukuzaji Mitaala, KICD, ina maktaba ya kidijitali ya masomo, Kenya Education Cloud, na British Council ina mazoezi ya sarufi ya bure. Unachokilipia ni bando. Vile vibando vya saa moja vya shilingi 20 hivi vinafaa kama umeshaandika unachokitafuta kabla ya kuwasha data. Ukianza kutafuta baada ya kuwasha, saa inaishia kwenye video za vichekesho. Kwenye video za masomo shusha ubora wa picha hadi 144p au 240p. Mwalimu wa sarufi unamsikiliza zaidi ya kumtazama.

Jihadhari na programu inayosema ni bure siku saba. Siku ya nane inakata. Jihadhari pia na ujumbe wa "somo la leo" unaokula salio kidogokidogo kila asubuhi. Kabla ya kujibu NDIYO, tafuta panapoandikwa bei, na namna ya kujiondoa.

Maktaba ya umma mjini Kisii ni nzuri kwa aliye karibu, kwani ina utulivu, meza na vitabu usivyoweza kununua. Kwa wa Borabu, nauli inaiua faida hiyo, labda uiunganishe na safari ya soko. Siku za soko la Daraja Mbili, Jumatatu na Alhamisi, uko mjini tayari. Pitia maktaba kwa muda wa saa mbili kabla ya kurudi.

Madarasa ya Serikali ya elimu ya watu wazima, yale wazee wetu wanayaita ngumbaru, yasidharauliwe. Kama Kiingereza chako ni cha chini kiasi kwamba insha ya nusu ukurasa ni mlima, anzia huko badala ya tuisheni ya KCSE. Nenda kwa afisa wa elimu ya watu wazima wa kaunti ndogo yako, uliza kituo kilicho karibu, mwalimu huja siku gani, na kama kuna cha kuchangia.

Vyuo vya mjini vinavyouza cheti cha Kiingereza, na kozi za kuziba pengo la alama, ndivyo ninavyokuomba uvikwepe kwa sasa. Cheti cha chuo hakibadilishi gredi ya Kiingereza kwenye KCSE. Kozi ya kuziba pengo inafaa tu pale taasisi utakayojiunga nayo inapoikubali, kwa hiyo iulize hiyo taasisi kwanza na upate jibu kwa maandishi. Muuzaji wa kozi hawezi kukujibia swali hilo.

Kuna na wale wanaoahidi "kupandisha" gredi kabla matokeo hayajatangazwa. Huwa wanataka namba ya mtihani na malipo ya kwanza kwa simu. Hakuna anayepandisha. Ni wizi, na kwako wewe unayelipa ni kosa la jinai pia. Matokeo yakitoka, miaka hii ya karibuni unayaona kwenye tovuti ya Baraza la Mitihani kwa kuweka namba ya mtihani na jina lako kama ulivyosajiliwa. Bando la shilingi 20 linatosha. Usimpe mtu wa saiba 100 kwa kazi ya dakika mbili.

Basi tuseme yametoka na hukupata ulichotaka. Sasa hapo ndipo pesa kubwa inaingia, na haraka, kwa sababu usajili hufanyika miezi ya mwanzo wa mwaka. Anayetaka gredi mpya ya jumla lazima asajiliwe kwa masomo yasiyopungua saba. Huwezi kurudia Kiingereza peke yake ukategemea jumla ipande. Utalipia masomo yote, na sayansi zina majaribio ya maabara ambayo vituo hutoza juu ya ada ya Baraza.

Anzia ofisi ya mkurugenzi wa elimu wa kaunti ndogo. Chukua kiwango rasmi cha ada hapo, kisha zunguka vituo viwili au vitatu ukilinganisha. Kituo kikikutajia bei ya chini, uliza mmoja mmoja: vifaa vya maabara? Mtihani wa majaribio? Rimu ya karatasi? Picha? Waandike, waweke muhuri. Wakikataa kuandika, tafuta kingine. Lipa kwa njia rasmi, na risiti iwe na jina lako, hata kama mwenye kituo ni mtu wa kwenu.

Halafu piga hesabu ya nauli ya Novemba. Kiingereza peke yake kina karatasi tatu, Kiswahili tatu, na masomo saba yanakutoa nyumbani siku nyingi, nyingine kabla ya saa mbili asubuhi. Kituo kilicho mbele ya barabara yenu kikizidi kile cha mbali kwa shilingi 1,000, mara nyingi ndicho nafuu, na hutalala mjini usiku wa kuamkia karatasi ya kwanza.